Mtoto Mzembe, au Mtoto Asiyeona?

Juma hili nataka tuzungumze habari za macho ya watoto wetu. Sisemi juu ya macho mekundu yenye matongotongo, maana hayo kila mama huyatambua na kumpeleka mtoto zahanati. Nasema juu ya macho safi, mazuri ya kutazama, ambayo hata hivyo hayaoni sawasawa. Macho hayo hayaumi wala hayatoi machozi, na mwenyewe hajui kuwa yana kasoro. Mtoto ambaye tangu akumbuke huona ukungu mbele yake hudhani kwamba watu wote huona vivyo hivyo. Basi atalalamikia nini?

Hapa Garsen namjua mkulima mmoja Mpokomo, ambaye kijana wake wa miaka kumi na mmoja alipata sifa mbaya mashambani. Mpunga ukianza kukomaa ndege huja kwa makundi, na kila nyumba hutoa watoto wa kwenda kuamia. Kijana huyu alikaa juu ya dungu, kombeo mkononi, na ndege wakashuka upande wa pili wa shamba wakala mpaka wakashiba, naye ametulia tu. Alipigwa. Msimu wa pili akapigwa tena. Shuleni nako, kwa kuwa ni mrefu, alikalishwa nyuma, na mwalimu akaandika kuwa ni mzito wa akili na hapendi kunakili yaliyo ubaoni. Lakini ukimpa kitabu mkononi alikisoma bila kusitasita, pua yake ikikaribia kugusa karatasi. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfumbua mtu macho, ila hakuna aliyelifikiri.

Siku moja baba na mwana walisimama ukingoni mwa mto Tana wakingoja mtumbwi. Ng'ambo, Waorma walikuwa wakinywesha ng'ombe wao. Baba akamwambia mwanawe awahesabu wale weupe. Kijana akajibu, "Baba, kengele nazisikia, lakini ng'ombe siwaoni." Baba alidhani anafanyiwa mzaha. Akamwuliza juu ya mtumbwi, juu ya mwembe ulio ng'ambo, juu ya mtu aliyekuwa akiwapungia mkono. Kijana hakuona hata kimoja. "Bwana Karani," baba yule aliniambia, "mkono wangu ulikuwa umekwisha inuka kumpiga, ukashuka wenyewe."

Ugonjwa huu wa kuona karibu tu hautokani na uchawi, wala na kusoma sana taa ikiwa hafifu, kama wengi wanavyosema. Jicho lenyewe huwa limerefuka kupita kiasi, hata sura ya kitu cha mbali haifiki mahali pake nyuma ya jicho, bali hukutanika kabla ya hapo. Dawa ya maji haiwezi kulifupisha. Kioo cha miwani kilichobonyea katikati huisogeza sura hiyo nyuma mpaka ifike mahali pake, na kazi imekwisha.

Kutoka Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilometa 100, na nauli ya watu wawili si kitu kidogo kwa mkulima. Ilimbidi auze mbuzi. Huko kijana alipimwa kwa ubao wa herufi, ule aliouanzisha daktari Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Kwa watoto wasiojua kusoma hutumika herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye mtoto huonyesha kwa mkono meno yake yaelekea wapi. Alipovishwa miwani kijana aliivua na kuivaa mara tatu, kisha akauliza kama miti siku zote ilikuwa na majani yanayoonekana moja moja. Waliporudi nyumbani bibi yake alinung'unika kwamba miwani ni ya wazee na kwamba itamharibu macho. Haimharibu hata kidogo.

Lakini tusidhani kwamba kugundua ndiko kupona. Huko Trans Nzoia walimu wa shule walifundishwa kuwapima watoto kwa simu ya mkononi yenye kuonyesha ile herufi E, na matokeo ya uchunguzi huo yakachapishwa mwaka 2018. Pale ambapo wazazi walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, watoto 54 katika kila 100 waliokutwa na kasoro walifikishwa hospitali. Pale walipopewa barua tu kwa desturi ya zamani, walifika 22. Wengine wote walibaki nyumbani, hali wazazi wao wamekwisha ambiwa. Nami naona si ukatili wa wazazi. Ni umbali, ni nauli, na ni ile fikira kwamba mtoto anayetembea bila kujikwaa haumwi macho.

Mzazi aweza kuanza mwenyewe bila senti moja. Mwambie mtoto afunike jicho moja kwa kiganja, asilifinye, kisha umwonyeshe kitu cha mbali; halafu afunike jicho la pili. Akiona kwa moja na kushindwa kwa jingine, mpeleke. Akiwa na makengeza, mpeleke. Na ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto mchanga, usingoje hata juma moja, maana yaweza kuwa saratani ya jicho yenye kuua. Mtoto anayepapasa jua likitua yaelekea amepungukiwa na vitamini A, na sisi wa mtoni wenye maembe na mapapai hatuna udhuru.

Yule mkulima aliporudi aliwapima hivyo watoto wake waliobaki. Binti yake wa miaka minane, ambaye hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote, alifunika jicho la kushoto akasema kumekuwa giza la moshi. Jicho lake la kulia lilikuwa na kasoro tangu udogoni, na ubongo ulikuwa umezoea kulipuuza na kulitumia la kushoto peke yake. Jicho la namna hii hurudi vizuri zaidi likitibiwa kabla ya miaka saba. Baada ya hapo yawezekana, lakini kwa taabu. Amepewa miwani, na kila alasiri jicho lake zima hufunikwa kwa saa mbili ili lile vivu lifanye kazi. Hulia, na mama yake humkalisha barazani akichambua mchele mpaka muda utimie. Wameambiwa warudi Malindi baada ya miezi mitatu, yaani katikati ya masika, kama barabara itakuwa inapitika.