Fizi za mgonjwa wa figo hazisubiri (Sehemu ya 3)

Sehemu mbili zilizopita tulizungumza maji na chumvi kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine. Leo tuingie kinywani, mahali ambapo hata sisi wauguzi tunapasahau.

Kuna mzee mmoja wa kwetu Nungwi, fundi wa majahazi tokea ujana wake. (Nimebadilisha mawili matatu asijulikane.) Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama masaa manne. Na kutoka Nungwi mpaka mjini ni karibu kilomita 60, gari ya 116 haimsubiri mtu. Siku moja nampitia kwake, shavu limevimba.

"Shikamoo babu. Mbona hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Fizi hizi. Nilikwenda kuonesha, nikaambiwa weye mtu wa figo, hatukugusi, utatoka damu bure. Basi nameza dawa ya maumivu."

Nikamwomba anioneshe. Diklofenaki! Jamani, dawa hii inamalizia hata kile kidogo figo zinachofanya bado, na inaweza kumtoa damu tumboni. Yaani amekimbizwa kwenye matibabu yenye faida, akaangukia dawa yenye madhara.

Sasa msomaji wangu, fizi za watu hawa zinaumwa kwa nini? Kwanza wanapunguziwa maji, kinywa kinakauka, na mate ndiyo yanayokiosha kinywa. Pili, wengi wana kisukari, na kisukari na fizi ni maadui wa siku nyingi. Tatu, baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, zinaweza kufanya fizi zivimbe zikapanda juu ya meno. (Usiache dawa mwenyewe! Mwambie daktari.) Na nne, mtu akichoka na mashine, mswaki ndio kitu cha mwanzo kuachwa. Ukoga unajijenga, unashuka chini ya fizi, usaha unakaa, jino linalegea.

Utasema, meno tu hayo, figo ndiyo inayoua. Mimi nakataa. Fizi zenye usaha ni kidonda kilicho wazi. Kila akitafuna, vijidudu vinapata njia ya kuingia kwenye damu, na kinga ya mgonjwa wa figo ni dhaifu. Halafu chakula. Mtu anayesafishwa damu anahitaji protini zaidi, na sisi tunamwambia kula samaki, kula yai. Pweza atamtafuna kwa fizi zipi? Mzee wangu alikuwa akiishi kwa uji, na mwili ukimwisha.

Na mwenye ndoto ya kupandikizwa figo asikilize. Muhimbili walianza kupandikiza 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018. Baada ya kupandikizwa unapewa dawa za kushusha kinga, kwa hiyo maambukizi ya kinywani lazima yatibiwe kabla.

Turudi kwenye hofu ya damu. Si hofu ya uongo. Kwenye mashine mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande. Lakini nguvu yake huisha ndani ya masaa machache. Ndiyo maana siku nzuri ya kung'oa jino au kusafisha chini ya fizi ni siku inayofuata baada ya mashine: heparini imeshatoka na sumu mwilini zimepungua. Daktari wa meno azungumze na kitengo cha kusafisha damu, presha isipimwe kwenye mkono wenye mshipa wa mashine, dawa zipimwe kwa hali ya figo. Kwa hiyo jibu si "hatukugusi". Jibu ni "njoo kesho, baada ya mashine".

Mzee wangu alipata daktari aliyeinua simu, akauliza, akapanga siku. Meno mawili yaling'olewa, yaliyobaki yakasafishwa. Damu ikatoka kidogo, ikakatika. Siku hizi anakula samaki wake. Lakini yale mawili, kama angetazamwa mapema, yangekuwemo kinywani mpaka leo. Hilo linaniuma.

Rai yangu kwa wauguzi wenzangu: kila mgonjwa anapoanza mashine, apelekwe kwa daktari wa meno. Tunampima uzito, presha, tunautazama mshipa. Dakika moja ya "fungua mdomo babu" inatushinda nini?

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani: mswaki laini asubuhi na usiku, wa dukani au wa mti. Akisukutua, ateme, asimeze. Fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki, hiyo ndiyo dalili ya kwenda hospitali. Na dawa ya maumivu usimnunulie bila kuuliza.

Sehemu ya nne, inshaallah, tutazungumza mshipa wa mkono. Mtumie mwenye mgonjwa.