Mji Mwaminifu? Wacheni Hizo

Nilisomea misitu Sopron, mji wa Hungaria uliobanwa na Austria karibu pande zote. Kila mgeni akifika anapelekwa kwanza Lango la Uaminifu, chini ya Mnara wa Moto. Juu yake kuna sanamu ya mama Hungaria, wananchi wake wakimpa heshima. Picha, stori mbili, twende.

Stori ni hii. Desemba 1921 watu wa Sopron na vijiji vinane jirani walipiga kura kuchagua: Austria au Hungaria? Hungaria ikapata asilimia 65. Bunge likaupa mji cheo cha Kilatini, Civitas Fidelissima, yaani mji mwaminifu kabisa. Mpaka leo Desemba 14 ni siku yao ya kujipongeza.

Sawa. Sasa mniambie waaminifu wenyewe walienda wapi.

Maana karibu nusu ya mji huo walikuwa wanaongea Kijerumani nyumbani. Tuache hata malalamiko ya Austria kwamba kura zilichezewa. Bila Wajerumani kuiunga mkono Hungaria, hesabu haitoki. Na walilipwa nini? 1946 walipakiwa kwa maelfu kwenye treni za mizigo, wakapelekwa Ujerumani, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameishi hata siku moja. Kosa lao lilisomwa kwenye sensa ya 1941: ukiwa ulisema lugha ya mama yako ni Kijerumani, basi ulijiandikia safari. Miaka miwili kabla, Wayahudi wa mji huo huo walikuwa wamesombwa hadi Auschwitz. Mwongoza wageni wetu aliyapitia haya mbio mbio, kama mtu anayeruka dimbwi.

Halafu kuna ile Pikiniki. Agosti 19, 1989, geti la mpakani lilifunguliwa nje ya mji na Wajerumani Mashariki zaidi ya 600 wakatoroka kuingia Austria. Tukio kubwa, sibishi, na askari wa mpakani waliokataa kufyatua risasi wanastahili sifa zao. Lakini 2015 serikali ilijenga ua wa kilomita 175 kuzuia wakimbizi mpaka wa Serbia, na 2019 Orbán akaja Sopron na Merkel kusherehekea miaka 30 ya mpaka kufunguliwa. Bila aibu!

Pale langoni nafasi ya kibao kingine ipo, upande wa kushoto ukiingia. Nimeipima kwa macho mara nyingi. Majina ya 1946 hayatatosha yote, lakini mwaka utatosha.