Nani Anayeamini?

Katika Kiingereza cha ripoti na magazeti kuna sentensi ninayoihofia: "It is widely believed that..." Kauli ya kutendwa imemficha mwenye kuamini, kisha kielezi "widely" kinapenyezwa katikati na kutuletea umati ambao hakuna aliyeuhesabu. Ukiandika "reliably reported", unadai heshima ya ushahidi bila kumleta shahidi.

Kabla ya vita vya Iraki vilivyoanza Machi 2003, iliaminiwa sana kwamba nchi ile ilikuwa na akiba ya silaha za maangamizi. Mwaka 2004, wachunguzi wa Marekani wenyewe waliripoti kuwa hawakuikuta. Wingi wa walioamini haukuwa ushahidi, na waliokufa hawakurudi.

Simkatazi mwanafunzi kutumia muundo huu. Una mahali pake iwapo majina na hesabu vinafuata. Lakini ofisa anayeandika "it is generally agreed" ili mtaa ubomolewe ana wajibu wa kutuambia ni nani waliokubali, lini, na katika kikao gani. Asipoweza kujibu, na aifute sentensi hiyo kabla ya kutia saini.