Msituambie tena hakuna wataalamu

Vijana wenzangu, kila tukidai onyo la mafuriko linalomfikia mkulima mapema shambani, tunaimbiwa wimbo uleule: vifaa ghali, wataalamu hawatoshi. Jamani, wimbo huo umechuja.

Likizo hii hapa Umwe, binamu yangu anayesoma uhandisi wa elektroniki alikaa barazani akitengeneza kipima kina cha maji: kihisi cha mawimbi ya sauti, ubao wa ESP32 na laini ya simu. Anasema zamani kazi hiyo ilikula siku nzima ya kusoma maelezo ya kila kifaa, halafu wiki ya kuandika programu na kusaka makosa. Sasa anaiambia akili mnemba anachotaka, na rasimu inakuja kabla chai haijapoa.

Ila tusidanganyane. Rasimu ya kwanza iliunganisha waya wa kihisi unaotoa volti 5 moja kwa moja kwenye ubao unaotaka volti 3.3, tena kwa kujiamini kabisa! Aliyeliona kosa ni binamu, akaweka rezista mbili za kupunguza volti. Ndivyo kazi ya mhandisi inavyogeuka, kuandika kunapungua, kukagua kunaongezeka. Na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili watu. Programu haina mhuri wala huwezi kuipeleka mahakamani.

Basi, kifaa kipo. Lakini kinapima maji yakiwa yameshafika. Ili kimwambie bibi yangu ahame leo kwa sababu keshokutwa maji yanakuja, kinahitaji namba za huko juu: Bwawa la Julius Nyerere limefungulia maji kiasi gani, saa ngapi. Namba hizo akili mnemba haiwezi kuzijua. Ikizibuni, ndiyo hatari yenyewe.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, serikali ilisema ni mvua, wananchi wengi wakasema ni maji ya bwawa. Mimi nasoma sheria, sihukumu bila ushahidi. Ushahidi ni hizo namba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuziomba. Sasa kwa nini tuziombe kwa barua, mojamoja, wakati zinaweza kuwekwa wazi kila saa na kifaa kikazisoma chenyewe? Bwawa la megawati 2,115 limejengwa kwa kodi zetu, halafu kina cha maji yake kiwe siri kwa nani?

Halafu kuna intaneti. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Akili mnemba anayoitumia binamu iko kwenye mitambo ya ng'ambo. Intaneti ikizimwa, kazi yake inasimama na onyo la mto linakufa. Wanaohubiri uchumi wa kidijitali majukwaani ndio haohao walioshika swichi.

Wazee wetu waliishi kwenye madungu, wakasubiri maji yapungue wapande mlau. Waliusoma mto kwa macho. Leo mto una mlango, na funguo wanazo wao.

Barua ya kuomba takwimu za msimu wa 2024 nimeshaiandika. Kijana wa Ikwiriri, Utete, Muhoro au Kibiti anayetaka kuisaini, tukutane ofisi ya tawi Jumamosi baada ya adhuhuri. Njoo na kitambulisho.