Utafiti si Pambo la Kabatini

Anayeandika kwamba tafiti za vyuo vikuu ni mapambo ya kabatini aje Mururu, Rwanda, ambako Mto Ruzizi huyatoa maji ya Ziwa Kivu na kuzungusha mitambo ya umeme. Mwaka 2005 wanasayansi walionya kuwa gesi ya methani ziwani humo inaongezeka na inaweza kufoka. Hofu ilikuwa na msingi: mwaka 1986 gesi iliyofoka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700. Vipimo vipya vilivyochapishwa 2020 havikuona ongezeko hilo. Utafiti ukausahihisha utafiti. Huo si udhaifu, ndiyo kazi yake. Tangu 2016, mradi wa KivuWatt huko Karongi unafua umeme kwa methani hiyohiyo ya Kivu. Asiyetaka kugharimia vipimo atuambie hatari ataijuaje: kwa ramli?