Nyota Zisizoonekana Alfajiri

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana alfajiri. Katika Marekani methali hii imegeuzwa biashara. Vijana wa shule za sekondari wachezao mpira wa Kimarekani, ule ubebwao mikononi, hupewa nyota na watathmini, toka mbili mpaka tano. Vyuo vikuu huchukua nyota hizo, pamoja na mbio, kimo na uzito wa kijana, vikakokotoa kwa kompyuta nani afuatwe na kwa fedha kiasi gani. Fedha yenyewe si haba. Baada ya maafikiano yaliyoidhinishwa mahakamani Juni 2025, kila chuo kilichojiunga nayo kiliruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake wote hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa 2025-26.

Mawakili wa hesabu hudai kuwa tarakimu haina mjomba wala shangazi: jicho la kocha hupendelea, jedwali halipendelei. Hutoa ushahidi wa Oakland, timu ya besiboli iliyoshinda michezo 103 mwaka 2002 kwa fedha chache, kwa kuamini hesabu. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini si wa kesi hii. Besiboli ya kulipwa huchezwa michezo 162 kwa msimu, na kila pigo huandikwa. Kijana wa shule hucheza michezo kama kumi, huyu dhidi ya majabari, yule dhidi ya wanyonge. Mizani ni ile ile; kinachopimwa sicho kile kile.

Mtazame Josh Allen wa Firebaugh, mji mdogo wa wakulima katika California. Alipomaliza shule hakuna chuo kikuu kikubwa kilichompa udhamini. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, akawaandikia makocha wengi, na Wyoming ikampokea. Mwaka 2018 alichaguliwa wa saba kuingia ligi ya kulipwa. Katika msimu wa 2024 alitangazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Nyota yake ilikuwapo. Alfajiri ndiyo iliyokuwa na mawingu.

Nitaambiwa kuwa mmoja si wengi, na kwamba wenye nyota tano, kwa wastani, hufika mbali kuliko wenye mbili. Nakiri. Lakini aliyeonekana mapema hupata walimu bora na nafasi ya kucheza. Kisha kufaulu kwake huandikwa kuwa ushahidi kwamba kipimo kilisema kweli. Aliyeachwa haandikwi popote, na kosa lililomwacha halihesabiwi. Huo si uadilifu. Ni upendeleo wa kale uliovikwa kanzu mpya, tena mbaya zaidi, maana kocha aliweza kuulizwa, na jedwali haliulizwi.

Vyuo vikuu ni nyumba za elimu. Vyapaswa kuwa vya kwanza kutofautisha kisichojulikana na kisichokuwapo. Basi hesabu na iwe karani, isiwe kadhi. Sehemu ya fedha itengwe kwa safari za kwenda kule ambako jedwali ni tupu. Na amkataaye kijana atie sahihi kwa jina lake mwenyewe.