Swali la Mavyaa Lina Haki ya Kujibiwa



Wiki hii tumepokea barua iliyotoka mbali na mwambao wetu. Imeandikwa na dada yetu, mzaliwa wa Pwani, ambaye ndoa ilimpeleka Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, si mbali na nchi ya Wamaasai wa Trans Mara. Mwanawe wa kwanza ametimiza miezi sita, na muuguzi wa kliniki amemwandikia tarehe ya kumleta kwa chanjo ya malaria. Mumewe ameridhia. Mavyaa wake amekataa. “Ni sindano zile zile za korona,” amesema mama huyo, “zimebadilishwa jina tu.” Dada yetu anatuuliza amtii nani, na amjibu vipi mavyaa wake bila ya kumvunjia heshima.

Limo jambo moja katika barua hiyo ambalo limetugusa zaidi. Mama huyo, katika ujana wake, alimzika mtoto wake kwa homa ya malaria. Basi hakatai kwa kutoujua ugonjwa. Anakataa kwa kutomwamini anayeleta dawa. Kwa sababu hiyo haitoshi kumwambia kwamba amekosea. Yatupasa kwanza tujiulize imani yake ilipotelea wapi.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 2014 nchi yetu iligawanyika juu ya chanjo ya pepopunda iliyolengwa wanawake wa umri wa kuzaa. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Wanawake wengi walibaki katikati, hawajui washike neno la nani.

Kisha ikaja korona. Machi 2021 Kenya ilipokea zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca. Mwezi huo huo chama cha madaktari Wakatoliki kikawataka watu wasichanje, hali maaskofu wa kanisa lao wakisema chanjo yafaa. Mwezi uliofuata, wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakatangaza kwamba chanjo hiyo huweza kuleta damu kuganda, ingawa ni kwa nadra sana. Juni ya mwaka ule ule, kaunti 13 za Ziwa na Magharibi, Migori na Homa Bay zikiwemo, ziliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na Isha ikawa ni ya kuswaliwa majumbani. Novemba Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba asiyechanjwa atanyimwa huduma za Serikali kuanzia tarehe 21 Desemba. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kabla ya siku kufika, lakini neno lilikuwa limekwisha kusikika vijijini.

Hatusemi haya ili kuitetea kila tetesi. Twasema kwamba mwenye hofu huelezwa. Akitishwa, huiona hofu yake kuwa imepata ushahidi.

Hata hivyo, ni wajibu wetu pia kusema upande wa pili. Wengi walifahamu kwamba aliyechanjwa korona hataugua kabisa. Alipougua jirani aliyechanjwa, wakasema tumedanganywa. Ukweli ni kwamba faida kubwa ya chanjo ile ilikuwa kupunguza ugonjwa mkali na vifo, si kuzuia kila maambukizo. Madhara ya nadra yalikuwapo, na yaliandikwa hadharani na wale wale waliopewa kazi ya kuyachunguza. Kukiri dhara dogo si dalili ya hila. Chombo cha kuogopwa ni kile ambacho nahodha wake huapa kwamba hakivuji hata tone.

Sasa turudi kwa mtoto wa Ogwedhi. Chanjo anayoandikiwa si ya korona, wala haikuzaliwa na korona. Iitwayo RTS,S ilianza kutolewa kwa watoto wa Kaunti ya Homa Bay Septemba 2019, miezi kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na miongoni mwa vituo vya majaribio hayo kilikuwamo cha Kilifi, hapa hapa kwetu Pwani. Wazazi wa mwambao huu ni katika waliotangulia kubeba swali analolibeba leo mavyaa wa dada yetu.

Je, inafaa kwa kiasi gani? Katika majaribio yale, watoto waliopata dozi zote nne walipunguziwa karibu visa vinne vya malaria katika kila kumi kwa muda wa miaka minne. Hii si kinga kamili. Ndiyo maana chandarua hakiondolewi kitandani, na mtoto akipata homa hupelekwa kupimwa damu hata kama amechanjwa. Lakini katika nchi ya Ziwa, ambako mtoto mmoja huweza kuugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, visa vinne katika kumi si jambo dogo. Chanjo ilipotolewa kwa majaribio Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Je, ni salama? Mtoto huweza kuvimba mahali alipochomwa na kupata homa, na mara chache homa hiyo huleta degedege. Majaribio ya mwanzo pia yalionyesha ishara ya kutia wasiwasi juu ya homa ya uti wa mgongo. Ishara hiyo haikufichwa. Ndiyo iliyokuwa miongoni mwa sababu za kuifuatilia chanjo kwa miaka katika nchi hizo tatu, na ufuatiliaji haukuiona chanjo kuwa ndiyo chanzo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike.

Wako pia wanaouliza kwa upande wa dini. Tukumbuke kwamba mahujaji wetu huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kwenda Makka, na hatujawaona masheikh wetu wakiliona hilo kuwa ila. Wakati wa korona, Baraza la Fatwa la Falme za Kiarabu lilijuzisha chanjo, na Mufti Mkuu wa Saudia akasema kwamba sindano ile haifunguzi saumu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, amweleze chanjo ni ipi na ni ya nini, wala asiichukue fatwa kutoka katika ujumbe wa simu usio na jina la mwenyewe. Dini yetu imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, na amri hiyo inaihusu habari inayotisha sawa na inayofurahisha.

Dada yetu, jibu letu ni hili. Mtoto ni amana ya wazazi wake wawili, nanyi wawili mmekwisha kuafikiana. Mpelekeni. Lakini msimpeleke kwa siri, kwani siri ndiyo iliyoleta ugonjwa huu wa kutoaminiana. Mwombe mama afuatane nawe kliniki, ampakate mjukuu wake, amuulize muuguzi mwenyewe: chanjo hii yaitwaje, yaleta nini, na mtoto akipata homa usiku tufanye nini? Muuguzi akijibu kwa upole, mengi yatapona. Akikasirika, ombeni mwingine, wala msione haya. Hifadhi kitabu cha kliniki, na uzikumbuke tarehe zote za dozi zinazobaki kama zilivyoandikwa na muuguzi, maana dozi moja haikamilishi kazi.

Na kabla ya yote, kaa naye umsikilize habari za yule mtoto aliyemzika. Huenda miaka yote hii hapana aliyemuuliza. Mwambie kwamba mnachokitaka nyinyi ndicho anachokitaka yeye: kaburi kama lile lisichimbwe tena katika boma lenu.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, na atujaalie masikio ya kuwasikiliza wazee wetu. Wabillahi tawfiq.